Mwalimu na Mama: Vifaru vya plastiki mezani



Juma hili tunajibu swali lililotoka katika kikundi kimoja cha likelemba. Mama mmoja ana mdogo wake anayeishi Uingereza pamoja na watoto. Kwa simu wanatumiana picha, na katika picha za siku hizi kijana wao wa miaka 14 anaonekana ameinama mezani, brashi mkononi, na mbele yake vifaru vidogo vya vita vimepangwa mstari. Bibi yake alipoona picha hizo alishika kichwa. Alisema: "Tulikimbia vita, tukalala porini, tukafurahi watoto wamefika mbali na vifaru. Leo mtoto anavinunua kwa pesa yake?" Mama huyo anatuuliza huu ni mchezo gani, na mzazi afanye nini.

Swali ni la bibi, lakini ni letu pia. Hapa kwetu watoto hawana visanduku vya dukani, lakini wanafinyanga vifaru kwa udongo, wanavikata katika makopo, na wanatengeneza bunduki kwa majani ya mgomba. Basi tuutazame kwanza mchezo wenyewe kule unakotoka, kisha tuseme la mzazi.

Mchezo umetoka wapi

Kucheza vita sakafuni au mezani ni jambo la zamani Uingereza. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars. Ndani yake aliweka kanuni za kupiganisha askari wadogo wa madini, kwa mizinga midogo yenye springi inayorusha vijiti. Alisema ni mchezo wa wavulana kuanzia miaka 12, na wasichana hakuwasahau.

Wells huyohuyo aliandika mwaka 1903 hadithi ya kubuni juu ya magari makubwa ya chuma yanayopigana nchi kavu. Wakati ule gari kama hilo halikuwapo vitani. Miaka 13 ikapita, na tarehe 15 Septemba 1916 Waingereza wakayaleta ya kweli kule Somme, nchini Ufaransa. Ili kuficha siri waliyaita matangi, kana kwamba ni vyombo vya kuwekea maji, na jina hilo likabaki katika lugha yao. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuliyapa jina la mnyama mwenye ngozi nene, tukayaita vifaru.

Mwishoni mwa kitabu chake cha michezo Wells alitoa hoja ambayo mama anaweza kuipima mwenyewe. Aliona kwamba mtu akicheza vita vya sakafuni mara chache tu ataelewa jinsi vita vya kweli vilivyo vya ovyo, maana mezani hakuna maiti na hakuna nyumba inayoungua. Hoja ni nzuri. Lakini mwaka uliofuata Vita Vikuu vya Kwanza vilianza. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mchezo peke yake unamfundisha mtu amani.

Vifaru vya kijana wetu ni vya mchezo uitwao Warhammer 40,000. Unatoka katika kampuni ya Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975 na vijana watatu. Bidhaa zao za kwanza zilikuwa mbao za michezo, na kati yake ulikuwamo mchezo wa jamii ya bao letu. Baadaye walihamia kazi ya sanamu ndogo, na leo makao yao makuu yako katika mji wa Nottingham. Warhammer 40,000 ilitoka mwaka 1987. Hadithi yake inatokea miaka elfu nyingi mbele yetu, katika nyota za mbali, ambako watu na viumbe wa kubuni wanapigana bila kupumzika.

Mwaka 1988 walitoa gari la plastiki la kuunganishwa na mnunuzi mwenyewe, wakaliita Rhino. Katika lugha yao neno hilo maana yake ni kifaru, yule mnyama wa porini. Hivyo Waingereza nao, kwa mchezo, walifikia jina lile ambalo Kiswahili kililipa gari la vita. Na kazi ya huyo Rhino mezani ni kubeba watu zaidi ya kupiga.

Kuna jambo jingine tunalolipenda sana kama walimu. Katika miaka ile ya mwanzo vifaru vya dukani vilikuwa vichache. Gazeti la kampuni, White Dwarf, liliwaonyesha wasomaji jinsi ya kutengeneza kifaru kinachoelea hewani kwa kutumia kopo tupu la dawa ya makwapa. Unalilaza kopo, unabandika vipande vya plastiki, unaweka mzinga, unapaka rangi, kazi imekwisha. Watoto wetu wanaotoa magari katika makopo ya sardini hawako mbali na wale vijana wa Uingereza.

Kazi inavyofanyika

Bibi aliona vifaru vilivyokwisha. Hakuona saa zilizotangulia, na humo ndimo mna elimu.

Kisanduku kinapofunguliwa hakuna kifaru ndani. Kuna fremu za plastiki ya kijivu zenye vipande makumi, na karatasi ya maelekezo yenye namba. Kijana anakata kipande kimoja kimoja kwa koleo ndogo, anaparua kwa kisu ule mstari mwembamba ulioachwa na kalibu, kisha anajaribu kuunganisha bila gundi ili aone kama vinakaa vizuri. Ndipo anatia gundi. Gundi ya plastiki inayeyusha kidogo pande zote mbili, zikishikana zinakuwa kitu kimoja. Ukikosea hapo, kurudi nyuma ni kazi. Mnara wa juu wenye mzinga mara nyingi hautiwi gundi, ili uweze kuzunguka. Minyororo ya magurudumu wengine wanaipaka rangi kabla ya kuibandika, kwa sababu baadaye brashi haitafika.

Rangi nayo ina hatua zake. Kwanza inapulizwa rangi ya chini, nje ya nyumba, ili nyingine zishike. Inafuata rangi kuu, iliyolainishwa kwa maji kidogo, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito. Ikikauka, inamiminwa rangi nyepesi kama chai ya rangi, nyeusi au ya kahawia, nayo inaingia katika mifereji na kufanya kivuli. Halafu anachukua brashi iliyokaribia kukauka, yenye rangi ya kung'aa kidogo, anaipitisha juu juu ili kingo zionekane. Mwisho ni uchakavu. Kwa kipande cha sponji anagonga madoa ya chuma kilichochubuka, anaweka kutu karibu na bomba la moshi, na matope chini kwenye minyororo. Gari lililotoka vitani haliwezi kuwa safi kama sahani ya wageni.

Mama anayeshona au kusuka anaitambua kazi hii mara moja. Ni uvumilivu uleule wa sindano: huwezi kukimbia, na kila hatua inangoja ile ya kwanza ikauke. Sisi walimu tunaona darasani kwamba mtoto aliyezoea kumaliza kitu kwa mikono yake haogopi hesabu ndefu.

Na hesabu zenyewe zimo. Mezani hakuna kubishana kwa kelele, kuna rula na dadu. Kifaru kikiruhusiwa kutembea inchi 10, ni sentimita 25 na kidogo. Tuseme kinapiga mara 8, na kanuni inataka dadu itoe 4, 5 au 6. Nafasi ni 3 kati ya 6, yaani nusu, kwa hiyo tunategemea mapigo 4 yafike. Kama ngozi ya adui nayo inazuia nusu, yanabaki 2. Dadu inaweza kukataa, na mtoto anajifunza kwamba makadirio si ahadi.

Mambo ya kuangalia

Tusiseme mazuri tu. Jambo la kwanza ni bei. Kisanduku cha kifaru kimoja cha kadiri kinafika dola 50 au zaidi, na hapo hujanunua rangi, brashi wala gundi. Mchezaji hachezi na kifaru kimoja, anataka jeshi. Kijana wa miaka 14 anahitaji mtu wa kumwambia: maliza kupaka hivi, ndipo tuongee juu ya kingine. Kanuni hiyo inaokoa pesa, na inamfundisha kumaliza alichoanza.

La pili ni hadithi. Ulimwengu wa Warhammer 40,000 ni wa giza, na mataifa yake karibu yote yanaishi kwa chuki na ukatili. Walioubuni waliuweka kama kejeli na onyo. Mwaka 2021 kampuni ilisema waziwazi kwamba ile himaya ya watu katika hadithi si mfano wa kufuatwa, na kwamba mtu anayeleta alama za chuki hana nafasi katika mashindano yao. Mtu mzima anaelewa kejeli. Mtoto wa miaka 9 anaona tu askari mwenye nguvu. Ndiyo maana mchezo huu unawafaa wenye miaka 12 na kuendelea, na hata hao wasiachwe peke yao na hadithi zake.

La tatu ni usalama. Kisu kinakata, rangi ya kupuliza inaumiza mapafu ndani ya chumba kilichofungwa, na gundi kali inashika vidole. Sanamu za zamani za madini nyingi zilikuwa na risasi, yaani yale madini mazito yenye sumu. Mtoto asizitie mdomoni, na anawe mikono akimaliza.

Mzazi afanye nini

Kwa bibi na kwa mama huyo jibu letu ni hili: msimkataze kijana kwa sababu ya umbo la kitu alichoshika. Mwangalieni yeye mwenyewe. Je, anacheza na wenzake au anajifungia? Akishindwa, anacheka na kupanga upya, au anavunja? Masomo yake yanaendelea? Analala? Kule Uingereza kuna shule na maktaba zenye vikundi vya mchezo huu, ambamo watoto wenye haya wanapata marafiki mezani. Kama kijana wetu yumo katika kikundi kama hicho, hiyo ni habari njema kwa mtoto aliyefika nchi ya ugenini.

Kisha bibi mwenyewe aongee naye. Asianze na hukumu, aanze na swali: kifaru hiki ni cha nani, kinakwenda wapi, ndani amekaa nani? Mtoto atasimulia. Halafu bibi naye amsimulie yale aliyoyaona, kwa kiasi ambacho umri wa mtoto unakibeba. Kijana aliyekulia mbali anajua kifaru cha plastiki tu. Sauti ya kile cha kweli barabarani, usiku ule watu walipobeba magodoro vichwani, hawezi kuipata kisandukuni. Ataipata kwa bibi yake peke yake. Hapo ndipo mchezo unaweza kufundisha lile ambalo Wells alilitaka, kwa sababu kuna mtu mezani aliyeviona vita.

Na hapa nyumbani je? Watoto wetu wengi hawakusimuliwa vita, waliviona. Mtoto wa namna hiyo akifinyanga kifaru, mara nyingi anasema kwa mikono jambo ambalo mdomo haujaweza. Tusimpige, tusimnyang'anye. Tukae karibu tusikilize. Mchezo ukibadilika siku hadi siku, leo kifaru kinapiga, kesho kinabeba magunia ya mahindi, mtoto anapona kidogo kidogo. Lakini akirudia tukio lile lile bila mwisho na bila furaha, akakojoa kitandani, akashtuka usiku, au akaacha kuongea, mama asingoje. Amwone mwalimu, muuguzi wa kituo cha afya, au mshauri yeyote anayeaminiwa na jamii.

Neno moja la kukaza zaidi kuliko yote. Watoto wanaotengeneza magari wanatafuta vyuma. Wanaokota mitaani, mashambani, pahali askari walipopiga kambi. Mabaki ya vita yanaweza kulipuka hata baada ya miaka mingi, na mengine yanafanana na mpira au kopo. Tuwafundishe maneno haya mpaka wayaimbe: usiguse, usirushe jiwe, rudi kwa njia uliyojia, mwambie mtu mkubwa. Mtu mkubwa naye apeleke habari kwa chefu wa avenu. Kwa mchezo tunatumia vitu vya nyumbani peke yake, katoni, vifuniko, mbao, na maganda ya risasi yasiingie nyumbani kamwe, hata yakionekana matupu.

Kazi ya juma hili

Kwa vikundi vinavyokutana na watoto Jumamosi, jaribuni kifaru cha mwaka 40,000 kwa vitu vya jikoni. Mnahitaji kisanduku cha sabuni au cha dawa ya meno, kipande cha katoni, vifuniko vya chupa, kalamu ya biki iliyokwisha, na soli ya kandambili iliyochakaa.

Laza kisanduku, hicho ni mwili. Kata vifuniko vinane, vinne kila upande, viwe magurudumu. Kata soli vipande vyembamba, uvizungushe kama minyororo. Kifuniko kikubwa cha chupa ya mafuta ni mnara, ukipachike kwa mwiba au kijiti katikati ili kizunguke. Bomba la biki ni mzinga, au bomba la maji, au mkono wa kunyanyulia mizigo, mtoto ataamua. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo. Una nguvu ya kutosha kwa katoni, ila unataka usiku mmoja wa kukauka. Kukata kwa wembe ni kazi ya mama, watoto wanabandika.

Siku ya pili ni rangi. Saga makala laini, changanya na uji mwepesi, unapata nyeusi. Udongo mwekundu uliochujwa katika kitambaa unatoa rangi ya kutu, na majivu yanatoa kijivu. Paka tabaka nyembamba, ngoja, paka tena. Mwishoni chukua kipande cha sponji cha godoro la zamani, gonga kutu kidogo kwenye kingo.

Kikikamilika, kila mtoto asimame mbele ya wenzake aeleze kifaru chake ni cha kazi gani. Sisi tulifanya hivyo na darasa la tano. Vingi vilikuwa vya kupigana, na hatukuvikataa. Msichana mmoja alileta chenye mlango mpana nyuma, akasema ni cha kuwapeleka wamama kwenye uzazi usiku wakati barabara imeharibika. Wavulana wawili waliuliza mlango ule ulikatwaje, na juma lililofuata vifaru vitatu vilikuwa na mlango.

Wamama, tuandikieni jinsi kazi ilivyokwenda, na mseme gundi ya muhogo ilishika au haikushika. Juma lijalo tutaongea juu ya mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto.

Tunawatakia juma la amani.